Kwa nini setilaiti ya India ilipakiwa kwenye gari la ng'ombe?

Mwalimu wa Chake Chake
Assalaam alaykum. Nasomesha fizikia katika skuli moja hapa Pemba. Wiki iliyopita niliwaonesha wanafunzi wangu picha ya APPLE, setilaiti ya majaribio ya mawasiliano iliyoundwa India, ikiwa imekaa juu ya gari la ng'ombe. Darasa zima lilicheka, kwani magari hayo wao huyaona yakibeba mchanga na matofali, na mmoja akaniuliza iwapo nchi isiyomudu lori ina haki ya kupeleka fedha zake angani. Je, ule ulikuwa ufukara au palikuwa na sababu ya kitaalamu?

Fundi Redio, Mkunazini
Waalaykumu salaam, Mwalimu. Malori walikuwa nayo. Walichokuwa wakikipima ni antena, na antena haipimiki sawasawa ikizungukwa na chuma, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi ya redio na kuvuruga vipimo. Gari la mbao katika uwanja mtupu liliwapa walichokihitaji kwa gharama ndogo mno.

Waeleze pia yaliyofuata, kwani mimi ndiyo yanayonigusa zaidi. Ilirushwa tarehe 19 Juni 1981 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa huko Amerika ya Kusini, kwa Ariane, roketi ya Ulaya ambayo yenyewe ilikuwa bado kwenye majaribio. Mota iliyoisukuma hadi kwenye mzingo wake, takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ilitokana na hatua ya nne, yaani kipande cha juu kabisa, cha SLV-3, roketi ya Wahindi wenyewe. Ilipofika huko, paneli moja ya sola ikakataa kufunguka. Wahandisi wakaiendesha na upungufu wake huo kwa takriban miaka miwili, na ujuzi wa kuihudumia setilaiti iliyo mgonjwa haununuliki dukani.

Mkaazi wa Tunguu
Nakubaliana na Fundi, lakini suala la fedha alilouliza kijana ni la haki, nalo halijibiwi kwa antena. Mwaka 1975, kupitia setilaiti waliyoazimwa na Marekani, India ilianza kurusha vipindi vya kilimo na afya kwa vijiji takriban 2,400, na hapo ikaonekana haja ya kuwa na chombo chao. Setilaiti za mwanzo za INSAT, msururu wa setilaiti za mawasiliano za India, walizinunua Marekani. Kufikia mwaka 1992 walirusha INSAT-2A waliyoiunda wenyewe. APPLE ilikuwa ndiyo chuo chao.

Hapa kwetu Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, na mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 kilikuwa kazini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kilifungwa. Mitambo ilikuwa ya wageni, ikaondoka na wageni.

Mwalimu wa Chake Chake
Ahsanteni sana. Jumatatu, inshaallah, tutachukua redio ndogo tuisikilize juu ya gari la ng'ombe, kisha ndani ya bodi la lori lililofungwa, na yule kijana ndiye atakayeishika.