TUPEANE UZOEFU: Mliowahi kutembelea loki na bwawa la mto, mliona nini?

Mkaazi_wa_Moline: Wakuu, salaam. Naishi Moline, Illinois, na kila mgeni akija kwangu lazima nimpeleke kituo cha wageni cha Loki na Bwawa Namba 15, pale kisiwa cha Arsenal, Rock Island. Wengi hununa wakisikia tunakwenda kuangalia bwawa. Kuwaondoa pale sasa ndiyo kazi.

Kwa asiyejua: loki ni chumba kirefu cha zege kando ya bwawa, chenye milango huku na huku. Chombo kinaingia, milango inafungwa, maji yanajazwa au kupunguzwa hadi yalingane na upande wa pili, chombo kinatoka. Pampu hakuna. Wanafungua valvu, maji yanajiendea kwa uzito wake. Na bwawa lenyewe halikujengwa kwa ajili ya umeme wala kuzuia mafuriko. Miaka ya 1930 Marekani ilitaka Mississippi ya juu iwe na njia yenye kina cha futi 9, kama mita 2.7, ndipo mto ukawekewa mabwawa yaliyopangana kama ngazi. Hili lilikamilika 1934.

Utamu ni msafara wa matishari, yaani mashua bapa za mizigo, ukifika. Matishari 15 yamefungwa pamoja kwa nyaya za chuma, kila moja lina uwezo wa tani kama 1,500 za mahindi au soya, na boti moja tu nyuma inasukuma yote. Loki ina urefu wa futi 600, msafara hauenei. Basi wanaukata: kundi la mbele linapita peke yake na kuvutwa nje kwa kebo, halafu boti inafuata na yaliyobaki. Matishari matatu yakilala ubavu kwa ubavu ni futi 105. Upana wa loki ni futi 110. Nilimwona baharia anatembea ukingoni mwa tishari, kamba nene begani, anamtajia nahodha kwa redio umbali uliobaki hadi ukutani, sauti tulivu kabisa. Nahodha yuko nyuma kule, ukuta hauoni vizuri.

Haya, leteni za kwenu.

Mwana_Kisangani: Bandugu, mimi nilipoona hiyo kitu nilifikiria kwetu. Meli ikitoka Kinshasa inaishia Kisangani, maporomoko ya Wagenia yanaziba njia. Mzigo unashushwa, unapanda treni kilomita 125 mpaka Ubundu, halafu unarudi tena kwa maji. Ile treni nayo haina siku. Kumbe wengine wanapandisha meli yenyewe!

Bi_Pwani: Mimi niko Portland, Oregon. Nendeni bwawa la Bonneville, mto Columbia. Hilo ni la umeme kweli, Rais Roosevelt alilizindua 1937, na loki ipo pia, ila mimi hunivuta samaki. Wamejengewa ngazi za maji wapate kupanda kwenda kuzaa, na chini ya jengo kuna madirisha ya vioo unawaona wakipita. Yupo na mtu ameajiriwa kuwahesabu! Mwanangu alipiga kelele alipoona kidude kirefu kama mkunga kimeng'ang'ania kioo kwa mdomo, meno yote nje. Samoni walikuwa wanapita nyuma yake, hakuna aliyewatazama tena. Halafu kwenye bwawa la kufugia samaki kuna stajeni, samaki mkubwa wa mtoni, mzee, anaitwa Herman, mita tatu hivi. Huyo akikupita mbele ya kioo unarudi hatua nyuma bila kuambiwa.

Juma_Kaskazini: Hapa Minneapolis loki ya maporomoko ya St. Anthony ilikuwa inainua vyombo futi 49. Ilifungwa Juni 2015 kuzuia samaki vamizi aina ya kapu wasipande juu. Unaingia, unaangalia chini shimo lile, unarudi nyumbani. Panafaa, lakini bila boti hapana raha.

Msafiri_Muscat: Kituo cha wageni sina cha kusimulia, ila loki ya Esna kwenye Nile nimeipita na meli ya watalii. Kabla hata hatujaingia, wafanyabiashara wametuzunguka na vimashua, wanarusha kanzu kwenye mifuko ya nailoni hadi sitaha ya juu! Hukupenda, unairudisha kwa kuitupa. Umependa, unatia pesa humohumo mfukoni unarusha. Muuzaji mmoja mzee alipatana bei kwa kupiga kelele, na meli inasogea taratibu anazidi kuwa mbali na mteja.

Dada_Rehema: @Mkaazi_wa_Moline nakuja Desemba na watoto. Nitayaona hayo matishari?

Mkaazi_wa_Moline: Dada, Desemba barafu inaanza na safari za matishari husimama hadi Machi hivi. Utaona tai weupe kichwa, wengi sana, maana maji chini ya bwawa hayagandi na wao wanafuata samaki. Ukitaka matishari, njoo kiangazi. Na kisiwa kile ni cha jeshi, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho, na mpige simu kwanza kuulizia utaratibu wa getini.