Papa alipata mshtuko wa moyo: je, tuuze kiwanja kwa ajili ya tiba ya jeni?

Mwana wa Kadutu, Bukavu
Habari zenu, ndugu. Papa yetu, mwenye umri wa miaka 61, alipata mshtuko wa moyo miezi mitatu iliyopita. Alitibiwa akarudi nyumbani, lakini sasa hawezi kupanda mlima wa mtaani kwetu bila kusimama mara nne kuvuta pumzi. Ekografia imeonyesha kwamba sehemu ya moyo imekuwa kovu. Mdogo wangu amewasiliana na kliniki moja ya ng'ambo inayodai kuotesha upya misuli hiyo kwa jeni zinazobebwa na virusi, nayo inadai malipo ya awali. Mama anataka tuuze kiwanja alichotuachia babu. Je, tiba hiyo ipo kweli?

Mwalimu wa Biolojia, Lubumbashi
Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mama pole zangu. Wazo lenyewe si uongo. Seli za misuli ya moyo karibu hazizaliani: kwa kijana wa miaka 25 hujifanya upya takriban asilimia 1 kwa mwaka, na uzeeni hata nusu ya hapo haifikiwi. Ndiyo sababu watafiti wanatafuta jeni za kuziamsha.

Kazi ngumu ni kuzifikisha. Virusi vya adeno hubeba mzigo mkubwa, lakini huchochea kinga ya mwili kwa ukali. Mwaka 1999, nchini Marekani, kijana Jesse Gelsinger alifariki akiwa na miaka 18 katika jaribio la ugonjwa wa ini lililotumia virusi hivyo. Virusi vya AAV, aina nyingine ndogo zaidi, ni vipole zaidi, ila nafasi yake haizidi sana herufi 4,700 za DNA, watu wengi tayari wana kingamwili dhidi yake, na vikidungwa mshipani sehemu kubwa huishia kwenye ini. Jaribio moja la tiba ya jeni, liitwalo CUPID 2, lilikuwa na wagonjwa 250 wenye moyo uliodhoofika, na takriban nusu yao walipitishiwa virusi hivyo katika mishipa ya moyo yenyewe. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba hao hawakupata nafuu kuliko wenzao waliopewa dawa bandia.

Mwana wa Kadutu
Asante, Mwalimu. Na wakiidunga moja kwa moja kwenye msuli?

Mwalimu wa Biolojia, Lubumbashi
Hilo limefanyika kwa nguruwe, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Katika utafiti wa mwaka 2019, mikroRNA-199a, kipande kidogo cha RNA kinachoamsha seli za moyo zigawanyike, ilipunguza kovu na kuongeza nguvu ya moyo, kisha nguruwe wengi wakafa ghafla, kwa kuwa virusi viliendelea kuitengeneza bila njia ya kuizima. Kwa hiyo sasa wengine wanajaribu mRNA, yaani maagizo ya muda ya kutengeneza protini, ambayo huisha mwilini baada ya siku chache. Ile ya VEGF-A, protini inayochochea mishipa ya damu kuota, imedungwa kwenye msuli wa moyo wakati wa upasuaji, kwa wagonjwa wachache tu. Msiuze kiwanja. Jaribio halali kwa kawaida halimtozi mgonjwa, na kabla ya kumpokea humpa maelezo ya maandishi ya hatari zote.

Muuguzi, Goma
Ninaunga mkono, kaka. Mwulize daktari wa Papa kuhusu dawa za moyo kama aspirini, statini, bisoprololi na enalaprili: ni zipi anazotumia, na je, kipimo chake kinatosha? Wengi huacha dawa wakijisikia nafuu kidogo. Akivimba miguu, au akishindwa kulala chali, mpelekeni siku hiyohiyo.

Mwana wa Kadutu
Nimeangalia sasa hivi: statini iliisha wiki mbili zilizopita naye hakutuambia. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari.