Tupeane uzoefu: posa kati ya wenye fedha mpya na nyumba zenye jina hapa Tanga

Ndugu zangu, tangu Chongoleani iteuliwe kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, wapo wenzetu waliolipwa fidia ya mashamba na wapo waliouza viwanja kwa bei ambayo wazazi wao wasingeiota. Baadhi yao, wakishajenga, huposa katika nyumba ambazo babu zao waliziingia wakiwa wamevua viatu. Naomba tusimuliane tuliyoyaona wenyewe.

Kwetu aliposwa binti wa kaka yangu. Mshenga alipofika, kilemba cha baba na mkaja wa mama, yaani fedha za heshima kwa wazazi wa binti, vilikuwa mara tatu ya kiwango tulichotaja, na shangazi akasema wazi kwamba hao hawakuja kuposa, wamekuja kununua. Hata hivyo bahasha haikurudishwa, kwa kuwa paa la nyumba hiyo yenye jina lilikuwa likivuja.

*Mkwe wa Ngamiani:*
Mimi natoka upande wa hizo fedha. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, akainukia kwenye biashara ya machungwa ya Muheza. Wakwe zangu walitaka mahari itakayotajwa mbele ya kadhi iwe ndogo, wasionekane wameuza binti kwa mtu asiye kufu yao, huku gharama za ukumbi na za kupaka nyumba rangi zikiletwa kwetu kimyakimya kupitia mshenga yule yule. Mke wangu ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Lakini baba yangu akienda kwao hadi leo hukaribishwa barazani, wala hajawahi kuambiwa apite ndani.

*Shangazi wa Chumbageni:*
Wanaodhani kilichotolewa hakidaiwi wanakosea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa, iwapo ndoa haikufungwa. Uchumba wa mwanangu ulipovunjika tulidai gari, nao wakalirudisha bila kufika mahakamani. Tatizo ni kwamba, kwa kutaka sifa, tulikuwa tumeshaandika kadi ya gari kwa jina la binti, na sasa kila tukimwomba asaini uhamisho, mama yake anataka kwanza tumlipe fedha za sare walizokwisha kushona.