ETI "MAJANI HAYA YANATAKA MTU ALIYEZOEA"! Mbele ya mama mkwe wangu!

Mkwe_wa_Machame:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ametoka hapa sasa hivi, vumbi la kirikuu chake bado halijatulia getini.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule fundi wa bustani anayepanga miche kando ya barabara, njia ya Bagamoyo, mwenye simu mbili zinazoita kwa zamu na kofia isiyomtoka kichwani hata jua liwe la kukaangia mihogo. Nusu ya Dar mmeshampa hela zenu.

Mwezi wa kwanza nilimweleza kila kitu, kama mgonjwa kwa daktari. Nyumba ipo Mbweni. Udongo ni mchanga mtupu. Maji ni ya kisima, yana chumvi hadi sabuni inagoma kutoa povu. Nusu ya uwanja iko chini ya mwembe. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akatoa dawa: Kikuyu, majani ya mabalozi. Mita za mraba 120, kila mita 7,500. Piga hesabu mwenyewe. 900,000! Kuna watu wameoa kwa hela hiyo na wakabakiwa na ya soda.

Yakaja yamekunjwa kama mikeka. Siku ya kwanza kijani mpaka macho yanauma. Wiki ya pili kingo zikawa njano. Wiki ya nne uwanja wote una rangi ya ugoro, ukipita juu yake unasikia kama unakanyaga bisi. Kuku wa jirani akiingia anageuza. Kitu pekee cha kijani ni ndago, zilizokuja ndani ya udongo wake "wa msituni". Hizo zimestawi! Nang'oa asubuhi, jioni zimerudi na ndugu zao.

Sasa leo. Mama mkwe yuko hapa, kashuka jana kutoka Machame. Fundi naye kaja kudai 50,000 yake iliyobaki. Nikamkaribisha kistaarabu, nikampa juisi ya ukwaju. Mama akainama, akachuma jani moja kavu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Baba Neema, haya si yale tunayowakatia ng'ombe?"

Kabla sijafungua mdomo, fundi akapiga funda, akafuta midomo, akasema: "Mama, majani hayana tatizo. Majani haya yanataka mtu aliyezoea."

ALIYEZOEA! Juisi yangu. Glasi yangu. Mama mkwe wangu. Kasimama juu ya maiti ya laki tisa zangu, ananiambia mimi sijazoea majani!

Kikuyu ni majani ya nyanda za juu. Yameitwa kwa jina la Wakikuyu kwa sababu huko kwenye ubaridi ndiko kwao. Machame yanajiotea kando ya mfereji, hakuna anayeyazoea wala kuyabembeleza, yanakatwa yanalishwa ng'ombe. Huku kwangu mwezi wa pili joto linapita nyuzi 30, hata usiku hakuna nafuu, na jua lenyewe yanalolitaka limezibwa na mwembe. Aliuona mwembe! Aliegemea mwembe akipokea hela!

Halafu eti aliyezoea.

Jicho_la_Kunguru:
Weka picha. Bila picha hii ni chai.

Mama_Vitalu:
Pole kaka. Mtu mwenye mchanga, chumvi na kivuli kwa pamoja ilitakiwa aambiwe Pemba, yakaisha. Yale majani mapana ya pwani yanaota mpaka jirani na bahari, na kivulini yanavumilia. Hununui mazulia, unachukua vipandikizi, unavitia ardhini masika inapoanza mwezi wa tatu, mvua inakumwagilia bure. Kupanda mwezi wa kwanza kwenye mchanga ni kuyachoma. Paspalum nayo inakubali maji ya chumvi, ila iweke upande wenye jua, chini ya mwembe itakukimbia. Na ndago usizing'oe kwa kuvuta, chimba utoe vile vinundu vya chini, la sivyo unazipogoa tu.

Mkwe_wa_Machame:
Dada yangu asante sana, lakini hayo ningeambiwa mwezi wa kwanza na mtu NILIYEMLIPA. Badala yake naambiwa sijazoea. Na glasi iko mkononi mwake. Mama kanyamaza kimya tangu saa ile.

Dogo_wa_Ngarenaro:
Laki tisa? Huku Arusha tunapigana na Kikuyu kama na adui. Imeingia kwenye sukuma wiki, imepanda uzio, imefunika njia ya kwenda chooni. Mkuu njoo na gari ubebe bure, na chai ya maziwa nakupa.

Mchoma_Mahindi:
Mleta uzi umepigwa, halafu ukamnywesha aliyekupiga juisi ya ukwaju. Hata mimi ningesema hujazoea.

Mkwe_wa_Machame:
Usirudie hilo neno kwenye uzi wangu.

Bwana_Ukoka:
Huyo huyo mwenye kofia mimi aliniuzia "Bermuda". Akaapa ni mbegu ya nje. Nikamrushia picha shangazi kijijini, akajibu kwa sauti, anacheka: "Mwanangu, huo ni ukoka." Nikafuatilia, ni kweli! Bermuda na ukoka wetu ni jani moja, Cynodon dactylon, lile lile lililojaa kwenye viwanja vya mpira vya shule zetu. Nimelipa hela kununua ukoka! Shangazi kila akinipigia ananiuliza kama nahitaji na mchicha pori wa nje.

Ila nisiseme uongo, kwangu hakuna mti hata mmoja, jua kutwa, na umenikubali. Watoto wanacheza mpira juu yake na haufi.

Mkwe_wa_Machame:
Usimtetee.

Bwana_Ukoka:
Nautetea ukoka, sijamtetea yeye.

Mtu_wa_Ruaka:
Majirani, hata huku Kenya ni hivyo hivyo. Mimi niko Ruaka, Kikuyu unalala jioni, asubuhi imefika kwa mlango. Nikajiona mjanja, nikabeba ile ile nikapeleka kwa nyumba ya Nyali, Mombasa. Ilikauka yote. Mwenye nyumba akanifuata ananiambia nimeharibu uwanja wake kwa sababu simwagilii maji, na nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni! Mpaka leo amekataa kunirudishia deposti yangu.

Subira_na_Zoysia:
Wewe yako imekufa, umejua moja. Mimi nina Zoysia huu mwaka wa 2 na bado ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Wanasema inakwenda polepole lakini ikishaziba ni zulia, mguu unazama. Itaziba lini? Nilipanda binti yangu yuko kidato cha tatu, sasa hivi ananisaidia kuandaa mahafali yake. Na mtu wa kukata alikuja na fyekeo, akakata mpaka kwenye udongo, wakati unatakiwa uondoe theluthi moja tu ya urefu. Nililia wakuu. Nilikaa kwenye ndoo nikalia.

Jicho_la_Kunguru:
Picha bado.

Chumvi_Mpaka_Lini:
Mnalaumu majani wakati mwenye kosa ni aliyechimba kisima. Mimi niko huko huko Mbweni. Mchimbaji aliniahidi mita 60 tu tunapata maji matamu. Ikafika 60, akasema bado kidogo. Ikafika 80, hela yangu imeisha, yakatoka maji ambayo ukichemshia viazi huhitaji kutia chumvi. Bomba zimeoza, hita imekufa, nguo nyeupe zimekuwa za kahawia. Nikampigia, akaniambia nivumilie, yatatakata yenyewe.

Dogo_wa_Ngarenaro:
Yatakate yenyewe kwani ni chai?

Mama_Vitalu:
Huyo si yule mwenye lori jeupe na mashine inayotoa moshi mpaka majirani wanaita zimamoto?

Chumvi_Mpaka_Lini:
HUYO HUYO dada!!! Kumbe unamjua!

Mama_Vitalu:
Kaniachia kipande cha chuma shimoni kwangu, akasema hakina madhara. Shimo limekufa na hela haijarudi. Sasa hivi naishi kwa boza, na boza wiki iliyopita lilikuja na vyura.

Bwana_Ukoka:
Vyura wazima?

Mama_Vitalu:
Wawili. Mmoja yuko kwenye simtanki mpaka leo, usiku tunamsikia.

Mkwe_wa_Machame:
Wakuu tafadhali turudi kwenye majani. Huyu mtu amesema ALIYEZOEA. Mbele ya mama. Na kabla hajapanda gari ameongeza kwamba ile 50,000 atakuja kuichukua Jumamosi, na ananishauri nizungushie kivuli cha neti. Kivuli! Kwenye mwembe!

Subira_na_Zoysia:
Mpe Jumamosi hiyo hiyo glasi tupu.

Chumvi_Mpaka_Lini:
Mkuu tumekuelewa, subiri kidogo tumalizane na la kisima. Mama Vitalu, kwako nako alikuja na vile vijiti viwili vya kutafutia maji, vikaelekea chini ya dirisha la jikoni?

Mama_Vitalu:
Chini ya dirisha la jikoni kabisa.