Mafundi saa, kumwagia mafuta si sevisi! Seiko 5 zinafia mezani kwenu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, wenye roho nyepesi wapite kando.

Ukipeleka Seiko 5 (saa ya mkono isiyo na betri, inayojijaza yenyewe ukiivaa) kwa fundi wa mtaani, majibu ni mawili tu: "nikupigie sevisi" au "mashine imekufa, nikuwekee nyingine". Saa nyingi zinazopewa majibu hayo haziumwi kitu cha kumaliza hela.

Kituko cha kwanza. Geuza saa usome namba ya nyuma. Ikianza na 7S26, hiyo mashine haitiwi ufunguo kwa mkono, haikuundwa hivyo. Fundi anazungusha weee, haoni ikishika, anatangaza springi kubwa imekatika. Imekatika wapi? Inajazwa na lile bawa la nusu duara linalozunguka ndani, na ikijaa inatembea masaa 40 hivi. Ikilala droo siku mbili lazima isimame! Ilaze, itikise upande kwa upande taratibu kama nusu dakika, kisha tazama mshale wa sekunde. Ukianza kutembea, chukua saa yako uondoke.

Cha pili, saa inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Sekunde 20 au 30 ni kawaida kwa saa ya bei hii, dakika si kawaida. Ikianza ghafla, mshuku sumaku kwanza: spika, kava la simu lenye sumaku, kifungo cha pochi. Ile springi nyembamba kama unywele inanasa pete kwa pete, inakuwa kama imefupishwa, mapigo yanaongezeka. Dawa ni kile kiboksi cha bluu cha kuondolea sumaku. Weka saa juu yake, bonyeza kitufe, na HUKU UMEKISHIKILIA inua saa polepole mpaka iwe mbali, kama urefu wa mkono, ndipo uachie. Wengine wanaachia kitufe saa ikiwa bado juu ya kiboksi, wanairudishia sumaku wenyewe, halafu wanasema "ilivyo ndivyo hivyo". Kazi ya sekunde kumi hii, mnatoza sevisi nzima?

Sasa hiyo sevisi yenyewe. Kifuniko kinafunguliwa kwa ncha ya kisu wakati kina mapengo ya kushikia na funguo zake zipo. Mashine inachovywa kwenye petroli ikiwa nzima, inapulizwa kwa mdomo (mate na yote), kisha tone la mafuta ya cherehani linadondoshwa katikati. Wiki mbili saa inapaa, mteja anasifu. Halafu mafuta yanatambaa mpaka kwenye ule unywele, pete zinashikana, saa inakimbia kama ina sumaku, na kiboksi hakisaidii tena. Uchafu wa zamani nao haukutoka, umelainishwa tu ukawa kama msasa kwenye mihimili (zile ncha magurudumu yanazozungukia).

Kama hujaifungua vipande vipande, hujafanya sevisi. Unalegeza nguvu ya springi kubwa kwanza, unatoa balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku likipiga mapigo), unatoa uma wake (kipande kinachozuia na kuachia magurudumu kwa kila pigo), ndipo magurudumu. Kila kipande kinaoshwa peke yake na kukaushwa. Mafuta hayawi ya aina moja: membamba kama mafuta ya saa ya Moebius namba 9010 kwa mihimili ya magurudumu yanayozunguka kwa kasi, mazito zaidi upande wa springi kubwa, na Moebius 9415 kidogo sana kwenye vijiwe vya uma. Mihimili ya uma wenyewe HAITIWI mafuta, na ndiyo wengi wanapenda kuilowesha! Kwenye kijiwe cha juu cha balansi, tone lifunike nusu yake tu. Kisha pima kwa mashine ya mapigo (inayosikiliza tik-tik ya saa), ukiiwekea pembe ya mnyanyuo ya saa hii, nyuzi 53. Huna mashine ya mapigo? Basi usiguse vile vijiti viwili vya balansi. Kimoja kinarekebisha mwendo, kingine ulinganifu wa mapigo, na mnavisukuma vyote kwa kubahatisha.

Kubadilisha mashine sikatai. Mara nyingi NH36 mpya (mashine nyingine ya kampuni hiyo hiyo ya Seiko), dola 40 hadi 50 ukiagiza, ina maana kuliko sevisi kamili. Inakaa palepale pa 7S26, mishale ile ile, na hii inatiwa ufunguo. Ila tumia kijiti cha ufunguo kilichokuja nayo, ukikate kidogo kidogo kwa kupima na cha zamani. Ukizidisha kimekwisha. Na ile pete nyeupe ya plastiki inayobana mashine irudi, jamani, si kukunja karatasi ya sigara badala yake.

NYONGEZA: Wenye saa ambazo ufunguo uko penye namba 4 badala ya namba 3, kwa sahani ya tarehe ya NH36 ya kawaida namba hazitakaa katikati ya dirisha. Hamisha ya zamani au agiza inayofaa. Na tarehe msiizungushe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, vipande vinavyoisukuma ni vya plastiki na wakati huo vimeshashikana. Hilo si kosa la fundi, ni letu.