Queen: ipi albamu yao bora, na ipi mbovu kuliko zote?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, kila Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, wakitajwa, hukumu huwa imeshatolewa kabla hatujakaa: bora ni A Night at the Opera, mbovu ni Hot Space. Mimi naipinga hukumu hiyo pande zote mbili. Kwangu albamu bora ya Queen ni Sheer Heart Attack ya 1974, na mbovu ni A Kind of Magic ya 1986. Hot Space ya 1982 ina kasoro, tena nyingi, ila haistahili kuburuta mkia.

Flash Gordon ya 1980 siihesabu. Ule ni muziki wa filamu, sehemu kubwa hauna hata maneno ya kuimbwa. Tushindanishe albamu na albamu.

Nianze na iliyo bora. Mwaka 1974 Queen walikuwa Marekani wakitangulia jukwaani kabla ya bendi ya Mott the Hoople. Mpiga gitaa Brian May akaugua homa ya ini, ziara ikakatishwa. Wamerudi Uingereza kurekodi, akalazwa tena, sasa kwa vidonda vya tumbo. Mwimbaji Freddie Mercury, mpiga drams Roger Taylor na mpiga besi John Deacon hawakusubiri. Waliingia studio watatu, wakarekodi na kuacha nafasi pale ambapo gitaa lingehitajika, na May alipopata nafuu akaja kuzijaza. Akiwa hospitalini alikuwa ameshaanza kuutunga "Now I'm Here", wimbo unaoikumbuka ileile ziara iliyokatika.

Kazi ya namna hiyo ungetegemea iwe na viraka kila mahali. Isikilize sasa. Nyimbo 13 ndani ya dakika zisizofika 40, na hakuna hata mmoja unaokaa zaidi ya unavyohitajika. "Tenement Funster" wa Taylor unaingia kwenye "Flick of the Wrist", huo nao unamwagikia kwenye "Lily of the Valley", na unapokuja kushtuka umeshapita katika hasira hadi kwenye huzuni bila kuona mlango ulipofunguliwa. "Killer Queen" ulifika namba 2 Uingereza na ndio uliowafungulia dunia. "Stone Cold Crazy" una mwendo wa kasi ambao bendi za metali zilikuja kuutumia miaka ya baadaye. Metallica waliurudia na wakapata tuzo ya Grammy mwaka 1991. Na hii ndiyo albamu ya kwanza yenye tungo za wote wanne, maana Deacon alianzia hapa na "Misfire".

A Night at the Opera ni albamu kubwa, sibishi. Ila niambieni kweli, ukiondoa "Bohemian Rhapsody" mngeiweka juu hivyo? "Sweet Lady" haina lolote la kukumbukwa. "The Prophet's Song" inaanza kwa utukufu, halafu katikati sauti zinazungushana zenyewe mpaka unasahau wimbo ulikuwa unakwenda wapi.

Kuhusu mbovu: A Kind of Magic imekusanywa zaidi kuliko kutungwa. Nyimbo 6 kati ya 9 zina uhusiano na filamu ya Highlander, na "One Vision" ulikuwa umeshatoka mwaka 1985 na kutumika kwenye filamu nyingine, Iron Eagle. Ndani ya "Gimme the Prize" wamepachika mpaka maneno ya waigizaji. "Who Wants to Live Forever" ni wimbo mzito, nauvulia kofia. Lakini "Don't Lose Your Head"? "Pain Is So Close to Pleasure"? Hapo nawasikia watu wenye kipaji kikubwa wakijaza nafasi.

Karibuni, mnipinge kwa hoja.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini Hot Space waitetea bure.

Hawa ni watu waliokuwa wakiandika kwenye majalada ya albamu zao za mwanzo kwamba humo hakuna sintesaiza, ile kinanda ya kutengeneza sauti kwa umeme. Ilikuwa fahari yao: sauti zote hizo ni gitaa la May, ni koo zao, ni piano. Mwaka 1980 kwenye The Game wakaonja sintesaiza mara ya kwanza, kwa kiasi, ikapendeza. Miaka miwili baadaye besi ya sintesaiza ishachukua nafasi ya vidole vya Deacon kwenye "Staying Power" na "Body Language". Deacon! Mtu aliyetunga "Another One Bites the Dust", besi ambayo hata mtoto aijua. Na kwenye "Body Language" gitaa la May ni kama halipo kabisa.

Matokeo yake waliyaona Marekani. The Game ilikuwa namba 1 kule, ikiwa na nyimbo mbili zilizofika namba 1. Hot Space ikakwama namba 22. Baada ya ziara ya 1982 Queen wakiwa na Freddie hawakurudi tena kufanya ziara Marekani. Kisha likaja Live Aid, tamasha la hisani, Wembley, Julai 1985, jukwaa kubwa kuliko yote maishani mwao. Hesabu walichoimba: "Bohemian Rhapsody", "Radio Ga Ga", "Hammer to Fall", "Crazy Little Thing Called Love", "We Will Rock You", "We Are the Champions". Cha Hot Space ki wapi? Wenyewe waliihukumu, sisi twafuata tu.

Na hiyo hoja ya kuondoa "Bohemian Rhapsody" siikubali. Mbona wewe huiondolei Sheer Heart Attack "Killer Queen"? Tena hata ukiuondoa, wabaki na "Love of My Life", wimbo ambao São Paulo mwaka 1981 na Rio mwaka 1985 Freddie alikuwa akinyamaza na uwanja mzima ukamwimbia. Wabaki na "'39", ambao wengi husikia ni wimbo wa mabaharia kumbe ni safari ya anga: wasafiri warudi wamezeeka mwaka mmoja, na nyumbani imepita miaka 100. Aliyeutunga ni May, aliyeacha masomo yake ya fizikia ya nyota kwa ajili ya bendi, akaja kuyamaliza na kupata udaktari wake Imperial College mwaka 2007. Wabaki na "You're My Best Friend" wa Deacon. Albamu gani nyingine ina nyimbo 3 za namna hiyo, zisizofanana hata kidogo?

Mchangiaji, Unguja

Niingie kwa upande wangu, maana naona Queen II imerukwa.

Huku kwetu Farrokh Bulsara, yaani Freddie, anajulikana zaidi kwa picha ukutani kuliko kwa muziki. Mgeni anaoneshwa nyumba, anaambiwa kazaliwa hapa mwaka 1946, familia imeondoka 1964 baada ya Mapinduzi, basi, kila mtu ameridhika. Ukiuliza upande wa pili wa Queen II una nini, kimya. Hilo linaniuma, kwa sababu ule upande ndiyo kazi yake kamili kuliko zote.

Santuri ile, ya Machi 1974, haina upande wa A na B. Ina upande Mweupe na upande Mweusi. Mweupe karibu wote ni wa May, pamoja na wimbo mmoja wa Taylor. Mweusi wote ni wa Freddie, peke yake, tangu "Ogre Battle" mpaka "Seven Seas of Rhye". Amechukua mchoro wa Richard Dadd, uliochorwa na mtu aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mchoro mdogo uliojaa viumbe vidogovidogo, akaugeuza wimbo wenye msongamano uleule. Halafu "The March of the Black Queen": zaidi ya dakika 6, unabadilika mwendo na sauti mara nyingi hata huwezi kuhesabu. Watu wanasema "Bohemian Rhapsody" ulidondoka kutoka mbinguni mwaka 1975. Haukudondoka. Umeanzia pale. Hata ile picha ya nyuso nne gizani wanayoionesha kwenye video yake ni jalada la Queen II, kazi ya mpiga picha Mick Rock.

Mleta mada anasifu Sheer Heart Attack kwa kuwa fupi na safi. Mimi naona katika Sheer Heart Attack wameanza kujizuia ili redio iwapokee, na Queen waliojizuia si Queen ninaowataka.

Na aje mtu hapa aseme Jazz ya 1978 ndiyo mbovu kwa sababu ya "Mustapha", tutashikana. Jina la Allah na la Ibrahim linaitwa kwa sauti ya kuvuta, kisha gitaa linaingia kwa kishindo. Wapo wanaoona mzaha. Mimi nasikia sauti ya mtu aliyekulia karibu na minara, na wimbo huo haungeweza kutungwa na wale wengine watatu.

Mbovu? Upande wa kwanza wa Hot Space. Wa pili namwachia mleta mada autetee.

Mchangiaji, Nairobi

Mnapima albamu kana kwamba wasanii hawakuwa na jukwaa. A Kind of Magic ilifika namba 1 Uingereza na ndiyo iliyobeba ziara ya mwisho: Wembley usiku mbili Julai 1986, Budapest mwezi huohuo, na Knebworth tarehe 9 Agosti, onyesho la mwisho la Freddie akiwa na Queen. "One Vision" ulifungua maonyesho yale. Nyimbo zilizofanya kazi hiyo si za kujaza nafasi. Kutungiwa filamu si dhambi pia. Ukipewa mada ya mtu asiyekufa akimtazama mkewe akizeeka, ukarudi na "Who Wants to Live Forever", umetimiza kazi kuliko wengi walioachwa huru.

Bora kwangu ni Innuendo ya 1991, na nashangaa haijatajwa. Wimbo wa kwanza una gitaa la Kihispania la Steve Howe wa bendi ya Yes. Wa mwisho ni "The Show Must Go On". May amesimulia kwamba alihofia Freddie hangeweza kuuimba kwa jinsi alivyokuwa mgonjwa. Freddie akanywa vodka, akasimama, akauimba. Albamu ilitoka Februari, naye akafariki tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Hakuna anayejionea huruma humo ndani, na "I'm Going Slightly Mad" hata inachekesha. Ni watu wazima wanaojua wakati umekwisha na bado wanabishana juu ya mpangilio wa gitaa. Sioni Queen wa 1974 wakiweza hilo.

Mleta mada

Nashukuru, mjadala umepata wenyewe.

Ndugu wa Mombasa, hoja yako ya Live Aid ina tundu. Walipewa kama dakika 20. Hawakuimba chochote cha Queen II, cha Sheer Heart Attack, cha A Day at the Races wala cha Jazz. Je, hizo nazo walizihukumu? Na "Under Pressure" wa Hot Space uliimbwa ziara zote hadi 1986. Tena tafuta onyesho la Milton Keynes la Juni 1982 usikilize "Staying Power" jukwaani. Deacon amechukua gitaa, Taylor anapiga drams kwa mikono yake, May yumo ndani mzimamzima, na wimbo unauma. Utunzi ulikuwepo. Kilichokosewa ni uamuzi wa studio kule Munich, wa kuifanya roki ivae disko mpaka shingoni. Albamu yenye utunzi mzuri na mavazi mabaya naiweka juu ya albamu yenye mavazi mazuri na utunzi haba.

Dada wa Unguja, Queen II ni namba 2 yangu, na kuhusu upande Mweusi siongezi neno. Tatizo langu ni upande Mweupe, ambao mara nyingi nauruka. Sheer Heart Attack hairukwi.

Nairobi, Innuendo ni ya heshima, ila tukubali kwamba kifo kimetufanya tuisikilize kwa upole. "Delilah" ni wimbo wa paka wake. Nampenda Freddie, lakini wimbo ule ungeachwa nje mwaka 1974.

Mchangiaji, Mombasa

Ngoja kidogo. Kwa kuwa "One Vision" ulitoka kabla ya albamu, wewe ulisema albamu imekusanywa. "Under Pressure" ulitoka Oktoba 1981, wakiwa na mwimbaji David Bowie, miezi 7 kabla ya Hot Space, na ulikuwa umeshafika namba 1 Uingereza. Mbona huo wauhesabu kuwa sifa ya Hot Space? Kipimo kiwe kimoja.

Mleta mada

Haki yako. Tuziondoe zote mbili, tusibaki na cha kubishania.

Hot Space inabaki na "Life Is Real", ambao Freddie alimtungia John Lennon wa Beatles baada ya kuuawa. Inabaki na "Put Out the Fire", May akilaani bunduki kwa gitaa kali kabisa, "Las Palabras de Amor" na "Back Chat". "Cool Cat" pia, Freddie akiimba kwa sauti nyembamba mwanzo hadi mwisho juu ya gitaa jepesi la Deacon. Nyimbo 5 ambazo naziweka kwa hiari yangu.

A Kind of Magic inabaki na "Who Wants to Live Forever", na wimbo uliobeba jina la albamu. "Princes of the Universe" kwa kumpa Nairobi haki yake. Wa nne nautafuta siupati. "Friends Will Be Friends" si wa nne. Ni "We Are the Champions" uliopunguzwa nguvu, na Wembley waliuimba katikati ya "We Will Rock You" na huohuo "We Are the Champions", tofauti ikasikika mbele ya watu wote.

Mwenye wimbo wa nne aulete, tuupime.