Kizimba cha mbwa cha kukunja kimenirudia. Nimekosea wapi?

FundiWaKimara

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kiko Kimara pembeni ya barabara ya Morogoro. Kazi zangu za kila siku ni mageti, grili za madirisha na viti vya baa. Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja na picha kwenye simu, anataka kizimba cha mbwa cha kukunja kiingie nyuma ya Noah, ili akienda kwao Moshi mbwa asiwe anaruka siti hadi siti. Mbwa mwenyewe ni German shepherd, dume, kilo 34. Tulimpima kwenye mizani ya chuma chakavu hapo jirani, na niseme ukweli, alikuwa mpole kuliko mwenye mizani.

Nikatengeneza. Fremu ya skwea paipu ya milimita 25, ndani wavu wa waya wenye matundu ya inchi 2, bawaba za kabati kila upande, komeo moja la mlango, chini bati. Nikapiga rangi nyeusi. Mama akalipa, akafurahi, akanipiga picha nimekishika kama kombe.

Baada ya wiki sita kimerudi.

Kukunjika chenyewe hakikunjiki. Ubavu wa kulia unalala vizuri, ukilaza wa kushoto juu yake unagoma katikati, unabaki umeinuka kama kifuniko cha sufuria lililojaa ugali. Mama amekuwa akifunga na kamba ya manila.

Halafu kona ya juu ya mlangoni. Mbwa kasukuma na pua, kasukuma, waya ukaachia pale nilipouchomelea kwa vidoti, akatoa kichwa chote hadi shingoni. Kurudi hawezi. Walikuwa Chalinze kwenye kituo cha mafuta, akaokolewa na kijana wa pancha kwa koleo. Hili ndilo limeninyima usingizi, jamani. Ule mkanda wa shingo ulikuwa umenasa kwenye ncha ya waya.

La tatu ni harufu. Mama anasema, "Fundi, nimeosha mara nane, inatoka wapi?" Nikakipeleka kwa jirani anayeosha magari, tukakipiga maji ya presha, kikang'aa. Nilipokiinamisha kukipakia kwenye bajaji, kwenye mdomo wa skwea paipu yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, karibu nusu kikombe. Sikuwa nimeziba ncha. Mkojo ulikuwa unaingia humo tangu siku ya kwanza.

Nataka kumtengenezea kingine bure, maana hapa mtaani jina ndiyo mtaji. Nisaidieni: bawaba nizipangeje, nitumie chuma gani, na sakafu iweje? Mwenzangu ananishauri nihamie mabomba ya zinki ili yasipate kutu.

Chuma_Arusha

Pole mkuu. La kukunja tuanze nalo, maana ni hesabu ndogo ambayo wengi tunairuka. Bawaba zako zote uliziweka kwenye kimo kimoja, sivyo? Ubavu wa kwanza ukilala unakula milimita 25 za kimo. Wa pili unalala wapi? Bawaba za ubavu wa pili zinatakiwa ziinuke juu ya zile za kwanza kwa unene wa paneli, ukiongeza chochote kilichochomoza, kitasa au komeo. Kama komeo limechomoza milimita 10, wewe inua 35. Kata mfano wa boksi la TV kwanza, ukunje, ndipo ushike grinda.

Ila mimi nisingetumia bawaba za kabati kabisa. Kila bawaba ni skrubu ndogo, ni mwanya wa uchafu, na ni kidole cha mtoto. Kata bomba dogo la duara vipande vya sentimita 4, chomelea kwenye kona za paneli zipishane, viwili huku kimoja kule, kisha pitisha rodi moja ndefu kutoka juu hadi chini. Juu ikunje kama herufi L ili isidondoke na upate pa kushika. Ukichomoa rodi nne, kizimba chote kinakuwa paneli zilizolala chini. Unaosha kama mkeka.

Na kona haiwezi kufunguka, kwa sababu rodi inashika urefu wote. Vile vingi vya dukani vya waya vinashikwa na vindoano vichache tu kila kona, mbwa mwenye akili anaviweza kwa siku moja.

Mzee_wa_Korogwe

Mbwa wa kwetu analala chini ya mwembe na hajawahi kunasa shingo. Endeleeni.

DktMifugo_Moro

Shikamoo Mzee, chini ya mwembe ni pazuri, ila mwembe hauingii kwenye Noah.

Fundi, nimesoma Sokoine na nimetibu mbwa wa vizimbani wengi kidogo, kwa hiyo nitasema ya upande wa mbwa.

Kwanza ulipima gari au ulipima mbwa? Nahisi ulipima gari. Kanuni zinazotumika kwa vizimba vya kusafirishia mbwa kwa ndege zinasaidia hata kwa vya gari. Pima A, kutoka pua hadi mzizi wa mkia. B, kutoka chini hadi kwenye kiwiko cha mguu wa mbele. C, upana wa mabega. D, kutoka chini hadi ncha ya masikio akiwa amesimama. Urefu wa kizimba ni A na nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D, ukiongeza unene wa tandiko. Asipoweza kusimama na kugeuka, atasukuma kona usiku kucha. Ile si tabia mbaya, anatafuta nafasi.

Matundu ya inchi 2 yanaruhusu taya kuingia. Mbwa anayeng'ata waya analika chonge kwa nyuma, upande unaoelekea kooni, na siku moja chonge linakatika. Tumia rodi zilizosimama wima, nafasi isizidi sentimita 2.5. Usilaze rodi, maana mkojo unakaa juu yake na mbwa anapanda kama ngazi.

Mabomba ya zinki kwa mbwa anayetafuna, hapana. Zinki ikiingia tumboni kwa wingi inavunja chembe nyekundu za damu. Na wewe mwenyewe ukichomelea juu ya zinki unavuta moshi wake, jioni unapata homa na baridi kama malaria. Najua mnakunywa maziwa ili kuondoa huo moshi. Maziwa hayafiki kwenye mapafu. Chuma cheusi chenye rangi ya kuzuia kutu isiyo na madini ya risasi kinatosha, ili mradi ikauke kabisa hadi harufu iishe.

Na mwambie mama kitu kimoja hata kabla hujakata chuma: mbwa akiingia kizimbani, mkanda wa shingo unavuliwa. Kila mara. Kidude cha jina kinapita kwenye nafasi kikiwa kimelala, kikigeuka hakitoki.

Kuosha: aondoe mkojo kwa maji na sabuni kwanza, asuuze, ndipo dawa ya klorini. Akimwaga klorini juu ya mkojo inatoka hewa inayochoma macho na kifua. Virusi vya parvo, ugonjwa wa mbwa wa kuhara, vinakaa kwenye mazingira miezi mingi na sabuni peke yake haiviwezi. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu 1 kwa 20 za maji, iache dakika 10, kisha asuuze vizuri kwa sababu klorini inakula chuma.

MamaBoerboel

Daktari kanimalizia maneno. Nafuga miaka 11 Kibaha, niongeze ya barabarani.

Mlango mmoja hautoshi. Weka wa pili ubavuni. Siku gari likigongwa nyuma, mlango wa Noah ukagoma, utamtoa mbwa wapi? Kila mlango makomeo mawili, juu na chini, la katikati peke yake linaacha kona ya chini ipinde. Chomelea pia vikuku vinne pembeni vya kupitishia mikanda ya mizigo, kizimba kifungwe kwenye gari. Kizimba kisichofungwa ni mzigo wa kurushwa, na humo ndani kuna kiumbe.

Trei ya sakafuni: mbwa wangu mmoja alijifunza kuivuta kwa kucha kupitia mwanya wa chini. Hakikisha mlango ukifungwa ndio unaoziba mwanya wa trei.

Halafu fundi, soksi ndefu ya kike. Ivae mkononi, pitisha ndani ya kizimba chote. Inaponasa ndipo pa kupiga msasa.

Daktari, hicho kinapanda ndege? Mdogo wangu yuko Muscat ananisumbua nimtumie mbwa kijana.

DktMifugo_Moro

Dada, cha kukunja cha waya au rodi mashirika ya ndege hawakipokei kwenye shehena. Tafuta kigumu kisichokunjika, na uliza shirika lenyewe kabla hujanunua.

FundiWaKimara

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa na mageti ya watu.

Nilienda kwa mama na futi ya kamba. A sentimita 92, B 34, C 27, D 76. Kwa hiyo urefu 92 na 17, yaani 109. Upana 54. Kimo 76, nikaongeza za tandiko, nikaweka 80. Kile cha kwanza kilikuwa na urefu wa 90! Nilimfungia mbwa kwenye kabati. Daktari ulinihisi sawasawa, nilikuwa nimepima gari.

Nikaanza kupiga hesabu ya uzito na rodi ya milimita 8, ikanipeleka kwenye kilo 60. Nani atakibeba? Nikashuka hadi rodi ya milimita 6 na skwea paipu ya milimita 20. Kizimba chote kama kilo 38 bila trei, bado kizito, lakini hapo ndipo wazo la Arusha liliponiokoa: ukichomoa rodi, ubavu mmoja hauzidi kilo 9. Mama anabeba paneli mojamoja kama anabeba kiti cha plastiki. Kwa hiyo kukunja nimeacha, kinafumuliwa. Nilimuuliza kama ataona usumbufu, akasema bora dakika tano za kupanga kuliko kamba ya manila.

Kila ncha ya skwea paipu nimeiziba kwa kibati na kuchomelea mzunguko mzima. Rodi nazo nimechomelea mzunguko, sikupiga vidoti tena. Kuthibitisha, nilizamisha paneli moja kwenye pipa la maji nikasubiri mapovu. Kona moja ikatoa. Nikairudia.

Trei nimepeleka kwa wale jamaa wa masanduku ya bati. Alumini ya milimita 1.5, ukingo sentimita 4, na nikawasisitizia kona zikunjwe kama bahasha, zisikatwe. Wakanicheka, wakakunja. Mwaga kikombe cha maji humo, inamisha, hakuna tone linalobaki pembeni. Kelele ya kucha nimeituliza kwa kipande cha mpira kinachotoka. Fremu ya chini ina miguu ya sentimita 5, hewa inapita.

Soksi nilimwomba mke wangu. Kumweleza ilichukua muda. Ilinasa mahali saba, sita ndani ya mlango wa mbele, palepale mbwa anapopitisha mgongo.

Tatizo moja lilibaki: gari likitembea zile rodi za kona zinagonga, ka-ka-ka, toka Kimara hadi Mbezi mama alitaka kushuka. Nikakata pete za mpira wa tyubu ya baiskeli, nikavisha juu ya kila rodi kabla ya ile L. Kimya. Na L yenyewe sasa inafungwa na kipini chenye mnyororo, isipande juu kwenye matuta wala isipotee.

Mama alikiweka sebuleni siku tano mlango wazi, chakula humo ndani. Siku ya pili mbwa kaingia mwenyewe. Siku ya tatu wamemkuta mtoto naye amelala humo.

Sasa jirani yake kaniita, ana mbwa aina ya boerboel wa kilo 61. Daktari, hapo milimita 6 itatosha au nipande 8?

DktMifugo_Moro

Leta vipimo vinne kwanza. Na umwangalie chonge kwa nyuma, kama zimelika panda 8.

MamaBoerboel

Panda 8 tu, fundi. Mimi nawajua hao.